Nukta Katikati ya Duara

Kabati halikuvunjwa. Kufuli lilikuwa limening'inia mahali pake, zima, bila mkwaruzo. Inspekta Praxeda Komba alipiga goti kulitazama hata hivyo, kwa sababu mwenye kabati alikuwa amesimama nyuma yake, na watu walioibiwa hupenda kumwona polisi amepiga goti.

"Ufunguo anao nani, Daktari?"

"Mimi peke yangu."

"Bwana Innocent je?"

"Innocent ana kijicho," alisema Daktari Yakoub. "Ufunguo hana."

Udaktari wake haukuwa wa sindano. Alikuwa Mpemba aliyesomea miamba Ulaya, akarudi Tanga wakati serikali inapunguza wafanyakazi na kila mwenye akili anafungua duka. Akapewa chumba kimoja chenye dari linalovuja, na mjiolojia mwenzake mmoja wa kugombana naye. Huyo mwenzake, Innocent, kijana wa Lushoto, alikuwa mahabusu tangu jana. Mkuu wa upelelezi alishasema: kesho asubuhi apelekwe mahakamani, jalada lifungwe, kuna kazi za maana. Kazi za maana, yaani wizi wa makontena bandarini, alikuwa amempa mwanamume mmoja aliyeanza upolisi nyuma ya Praxeda. Praxeda alimwonea gere mwanamume huyo na hakulificha kwa mtu.

"Nieleze kilichopotea," alisema, akijipangusa magoti. "Taratibu. Mimi nimesoma shule ya mashamba ya mkonge."

"Filamu. Picha ya Sahara, imepigwa kwa rada kutoka kwenye chombo kinachozunguka dunia huko angani."

"Picha ya mchanga?"

"Ya chini ya mchanga." Uso wa Yakoub ulichangamka kwa mara ya kwanza. "Kile chombo hakitumii jicho. Kinarusha mawimbi ya redio, kisha kinasikiliza yanavyorudi. Mchanga ukiwa mkavu kabisa hauyazuii, yanapenya mpaka kwenye mwamba. Mwamba wenye makwaruzo unayarudisha, unatoka mweupe. Penye ulaini yanateleza yakaenda zake, panatoka peusi. Na kwenye kipande changu, Inspekta, limetoka duara. Duara la kuumeza mji huu wote. Ngamia wanapita juu yake hawajui. Ni kasoko, shimo la pigo la kimondo! Hakuna mtu duniani aliyeliona kabla yangu."

"Wenye chombo si wanayo picha hiyo hiyo?"

"Wanayo, pamoja na maelfu ambayo hawayatazami. Hiki walinipa mimi kwa sababu hawakukitaka. Nikiwaomba nakala watajiuliza nimeona nini. Watachungulia. Watatangaza wao. Mkutano wa wanajiolojia uko Nairobi wiki ijayo. Bila filamu mkononi mimi ni mwongo tu."

Praxeda alimtazama. Alishawahoji wanaume waliofumania wake zao, na macho yao yalikuwa hivi hivi.

Ushahidi ulikuwa mezani. Kwanza, mchoro wa duara kwenye karatasi ya kufuatishia, ile inayopenya mwanga, uliokutwa kwenye mtoto wa meza ya Innocent. Ulikuwa mchoro wa mtu aliyekaa na filamu kwa utulivu: ukingo wa duara, nyufa zake, na katikati nukta moja nene. Pili, bahasha kubwa ya kahawia ya hospitali iliyobaki kabatini. Juu yake paliandikwa kwa kalamu nene, Khairat. Ndani yake, badala ya filamu, mlikuwa na kipande cha karatasi ngumu.

"Na hii?"

"Takataka. Ameitia ili bahasha isiwe nyepesi."

Praxeda aliiinua takataka kwenye mwanga. Ilikuwa imetobolewa kwa sindano, matundu madogo yaliyopangwa safu kwa safu, vinyota vitatu vitatu. Hakuna mwizi mwenye haraka anayetoboa vinyota.

"Khairat ni nani?"

"Simjui. Bahasha ni bahasha." Yakoub alirekebisha kofia yake ya kushonwa kwa mkono, ingawa ilikuwa imekaa sawa.

Kulikuwa na meza ya kioo pembeni, ya kumulikia filamu kwa chini. Praxeda alibonyeza swichi. Haikuwaka. Aliinama akaona nyigu wamejenga ndani yake.

"Filamu nyeusi namna hiyo unaisomea wapi, Daktari?"

"Pale dirishani."

"Ilishawahi kutoka ofisini?"

"Hata siku moja."

Dirisha lilikuwa moja tu, juu ya meza ya Innocent. Praxeda alichukua mchoro, bahasha na karatasi yenye vinyota, akaaga.

Mahabusu, Innocent alikuwa amekaa sakafuni, suruali ameishika kwa mkono kwa kuwa mkanda walimnyang'anya. Alisimama alipomwona.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Ufunguo wa kabati la mwenzako uliupata wapi?"

"Ni wangu. Makabati yale ya serikali yalinunuliwa pamoja, ufunguo mmoja unayafungua yote. Yeye hajui. Hajawahi kujaribu kufungua la kwangu, anaona halina kitu cha kumfaa."

"Kwa hiyo ulifungua."

"Ijumaa, alipokwenda msikitini. Nikaibandika filamu kwenye kioo cha dirisha, nikafuatisha kwa penseli, nikairudisha kabla hajaswali akamaliza." Alimtazama Praxeda usoni. "Nilimwonea gere, afande. Sikatai. Tumeanza kazi pamoja, na yeye ndiye anayeletewa picha kutoka angani. Mimi napima kokoto za wajenzi wa barabara."

"Ulitaka kuliiba duara lake?"

"Nilitaka kulivunja! Nilitaka niseme ni volkano iliyokufa. Mashimo ya volkano yako tele, hakuna anayekwenda Nairobi kwa ajili ya hilo. Lakini kimondo kina alama yake. Umeona tone la maji likidondoka kwenye beseni? Katikati panaruka juu kidogo. Mwamba nao ukipigwa kwa nguvu ile unafanya vivyo hivyo, halafu unagandia hapo hapo. Kinabaki kilima katikati ya duara. Bila kilima, Yakoub hana hoja."

"Na kilima kipo?"

Innocent aliipandisha suruali iliyokuwa inamteleza.

"Kipo. Ile nukta. Niliichora kwa mkono wangu mwenyewe. Iliniuma mpaka nikakosa hamu ya kula, lakini niliichora."

Praxeda alimwamini hapo hapo. Mwizi angeiacha nukta. Ila kuamini si ushahidi, na kesho ilikuwa inakuja.

"Yakoub anasema filamu haijatoka ofisini."

Innocent alicheka bila furaha. "Basi muulize jioni huwa anakwenda wapi na mkoba. Anapanda kule hospitali. Sijui anaumwa nini, maana anakwenda amenuna na kurudi anachekelea."

Hospitalini Praxeda hakuuliza wodi. Aliuliza chumba cha eksirei, kwa sababu ndiko kuliko na sanduku la taa la kusomea filamu, na kwa kadiri alivyojua hapakuwa na jingine mjini lililokuwa linawaka. Mpiga picha aliitwa Kristofa, mtu mnene mwenye koti lililowahi kuwa jeupe.

"Yakoub? Namjua, namjua sana," alisema. "Anakuja wagonjwa wakipungua, anatundika picha yake pale, anaikodolea macho kama mchumba. Nikimwambia bwana pisha, nina mtu kavunjika mguu, ananuna. Siku moja daktari wetu alisogea kuitazama, Yakoub akaifunika kwa mwili. Kwa mwili, afande! Picha ya mchanga!"

"Mara ya mwisho alikuja lini?"

"Jumatatu, ile siku ya mvua kubwa."

Jumatatu ilikuwa baada ya Ijumaa. Basi filamu ilirudi kabatini salama, na ikatoka tena mkononi mwa mwenyewe.

"Na bahasha hii?"

Kristofa aliitambua mara moja. "Mimi nilimpa. Yake ilikuwa imechakaa, na ile mvua ingeipasua. Hii ilikuwa ya bibi mmoja wa Pongwe, Bi Khairat, kizee cha watu, kifua kinambana. Picha yake ya kwanza iliungua, tukampiga nyingine na kumpa bahasha mpya. Hii ikabaki."

"Mmeandika jina tu. Umri hamkuandika."

"Wa nini? Si mwenye picha anaondoka nayo mwenyewe?"

Ndivyo ilivyokuwa, na Praxeda alijua. Hospitali haikuwa na pa kuzitunza. Mgonjwa hupewa picha yake akaiweke kwake, na akienda kwa daktari mwingine, au hata kwa mganga, anakwenda nayo kwapani. Picha ya kifua cha mama yake Praxeda ilikuwa chini ya godoro kule Muheza hadi leo, na mama mwenyewe alishazikwa. Hakuna mtu wa Tanga anayeona bahasha ya kahawia yenye jina la mwanamke akadhani mna jangwa.

"Jumatatu alitoka hapa akaelekea wapi?"

"Kwake. Ofisi ilikuwa imeshafungwa. Alikimbia na mvua, bahasha kifuani."

Nyumba ya Yakoub ilikuwa Ngamiani, chumba na ukumbi, na uani mwanamke wa kama miaka thelathini alikuwa anashona kofia. Huyu ndiye Tabia, mkewe. Alimkaribisha Praxeda kwenye mkeka, akampa maji, akaendelea na sindano yake.

"Nimekuja kwa ajili ya ile bahasha ya mumeo," alisema Praxeda.

"Ati imeibiwa. Kaniambia." Sindano iliingia, ikatoka. "Na mgonjwa mwenyewe hajambo?"

"Mgonjwa gani?"

Sindano ilisimama.

"Mumeo amekwambia imeibiwa picha ya kazini," Praxeda alisema kwa upole. "Mimi sijataja mgonjwa."

Tabia aliinamia kofia. Ilikuwa karibu kwisha, na ubavuni mwake vilikwenda vinyota vitatu vitatu, safu kwa safu. Praxeda akakumbuka alikoviona. Alikuwa ameviona mara mbili asubuhi ile: kwenye karatasi ngumu, na kwenye kichwa cha Daktari Yakoub. Akaitoa ile karatasi, akaiweka juu ya mkeka.

"Hii ni yako."

"Kadi yangu ya kuchorea," Tabia alisema. "Naiweka juu ya kitambaa, napitisha unga wa makaa kwenye matundu, nukta zabaki, nashona. Nakshi hii naijua mie peke yangu. Niliibuni kwa kofia yake ya harusi." Sauti yake ilipanda. "Kila jioni ya Mungu kapotea, dada! Mtu mmoja kaniambia, mumeo namwona hospitali. Nikanyamaza. Jumatatu kaja na mvua, karowa chapachapa, kaikumbatia bahasha isirowe. Mie mvua ikinipiga hanikumbatii! Na kachekelea peke yake. Kaenda kuoga, nikaiangalia. Jina la mwanamke. Nikaitoa, nikaiinua dirishani."

"Ukaona nini?"

"Nyumba ya mtoto." Alichora duara hewani kwa sindano. "Ukuta wake mweupe, ndani kiza, na katikati kamekaa kadogo. Mie nazijua picha hizo, nimepigwa mara si haba tangu kuolewa. Yangu mie ilikuwa tupu."

Kuku walipita uani, wakafukuzwa na jirani.

"Nikatia kadi yangu humo bahashani," Tabia akaendelea. "Nilitaka amfungulie huyo Khairat wake, wakute kazi ya mkono wangu. Wajue nimejua."

"Na filamu?"

Tabia aliinuka, akaingia ndani. Alirudi nayo. Alikuwa ameificha chini ya godoro, upande wa mumewe, ailalie. Praxeda aliiinua juani. Duara lilikuwepo, jeupe, lenye nyufa zake kama alivyochora Innocent. Katikati palikuwa na doa tupu, jua likipita bila kizuizi.

"Nilichukua wembe wa kukatia uzi," alisema Tabia kwa sauti ndogo. "Nikakakwangua."

"Tabia. Khairat ni bibi kizee wa Pongwe. Anaumwa kifua. Mumeo alipewa bahasha tu."

"Na hii?"

"Hii ni jangwa. Duara ni shimo lililofukiwa na mchanga. Huyo mtoto uliyemkwangua ni kilima."

Tabia alianza kucheka, mkono mdomoni, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipoanza kutoka hayakuwa ya kicheko tena. Praxeda alimshika bega akamwacha alie. Alipotulia, swali lake la kwanza halikuwa la filamu.

"Kadi yangu kaiona?"

"Ameiona."

"Kasemaje?"

Praxeda angeweza kusema uongo. "Amesema ni takataka ya Innocent."

Tabia aliikunja kofia aliyokuwa anaishona, sindano ikiwa bado ndani, akaiweka kando.

Kabla ya jua kuzama Praxeda, Tabia na Yakoub walikuwa kituoni. Tabia alikataa kuingia, alikaa barazani. Yakoub alitia sahihi ya kufuta mashtaka bila kuinua uso, kwa sababu mwizi aliyemtafuta alikuwa anakula naye sahani moja. Innocent aliletwa, akapewa mkanda wake na ule mchoro uliokuwa kielelezo.

Yakoub alikuwa ameishika filamu dirishani.

"Kilima hakipo," alisema. "Hakipo! Nikiipeleka hivi watasema nimekwangua mwenyewe kuficha kitu."

Innocent alisogea. Hakumsalimia. Alitandaza mchoro wake juu ya filamu, akalinganisha ukingo na ukingo, ufa na ufa. Nukta ya penseli ikakaa barabara juu ya pengo la wembe. Hata Praxeda, wa shule ya mkonge, aliona kwamba vitu viwili hivi vilikuwa shahidi mmoja: mchoro uliofuatishwa kabla ya wembe, na mtu asiyempenda Yakoub, ambaye hata hivyo aliiona nukta.

"Innocent," Yakoub alisema. "Ndugu yangu. Nipe hiyo karatasi. Njoo Nairobi useme ulichokiona. Nitalitaja jina lako."

"Wapi?"

"Katika andiko. Baada ya langu."

"Kabla," alisema Innocent.

"Kabla? Wewe uliyetaka kusema ni volkano?"

"Nilitaka. Na nukta nikaichora. Wewe umenilaza sakafuni kwa sababu niliichora vizuri mno." Alikuwa anavaa mkanda, tundu kwa tundu. "Jina langu mwanzo, lako lifuate. Au nenda na duara lako lisilo kitu ndani."

Yakoub aliitazama karatasi. Aliitazama filamu. Praxeda alimwona akipiga hesabu: Nairobi, wazungu, makofi, na jina la Innocent likisomwa kwanza.

"Lifukiwe," alisema. "Bora lifukiwe na mchanga wake kuliko niliite la kwako."

"Daktari," Praxeda alisema, "una wazimu?"

Innocent alivuta karatasi yake kutoka dirishani, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati, akatoka kwa mlango wa nyuma. Yakoub alitia filamu kwapani, akatoka kwa mlango wa mbele.

Praxeda alimfuata hadi kizingitini. Yakoub alimpita mkewe barazani bila kumtazama, kofia yenye vinyota kichwani, akashuka ngazi na kukata kona. Tabia alimfuata kwa macho, kisha akaja.

"Dada, naomba kadi yangu."

Praxeda aliitoa jaladani akampa. Tabia aliitia chini ya buibui.

"Nimesikia makelele. Mwenzake kamnyima?"

"Mwenzake alikubali kumsaidia. Yeye ndiye aliyekataa."

"Kwa nini?"

"Jina la nani litangulie."

Tabia alitikisa kichwa polepole. "Na mtaa mzima wasema mie ndiye mwenye wivu."

Alishuka ngazi. Hakukata kona aliyokata mumewe, inayokwenda Ngamiani. Alishika njia ya bandarini, kuulizia boti ya kwao Pemba inaondoka lini.